Kura ya Wakamwana

Walimvunja Meshaki taya Jumatano mchana kweupe, mbele ya banda la kupimia majani ya chai pale Suma, foleni nzima ya wachumaji ikitazama. Vijana wa ulinzi wa kiwanda walishuka kwenye gari, wakamwita kwa jina lake kwa adabu kabisa, na alipogeuka kuitika mmoja wao akamlaza kwa rungu. Alipokuwa chini walimwongeza mateke ya mbavu, taratibu, bila hasira, kama watu wanaotwanga mahindi ya kibarua. Kisha wakapanda gari wakaondoka. Kabla ya kupanda, aliyempiga alisugua kwanza kiatu chake kwenye majani ya chai ili kutoa damu.

Tupokigwe alikuwa karibu kabisa na mzani. Alitua kikapu, akapiga magoti kwenye tope, akalifunga taya la Meshaki kwa kitambaa chake cha kichwa, maana lilikuwa linaning'inia upande. Alimwogopea Meshaki, lakini tuseme ukweli, alijiogopea zaidi yeye mwenyewe.

Meshaki alikuwa mwenyekiti wa wakulima, na kosa lake lilikuwa moja. Jumapili, watu walipotoka kanisani, alisimama juu ya jiwe akawaambia wanahisa wa Kampuni ya Chai Lusungu wafike mkutanoni Jumamosi na wakatae. Wakatae nini, kila mtu alijua. Meneja mkuu, Ezron, mtoto wa hapa hapa Rungwe aliyekula ndizi na maziwa ya hapa mpaka akaenda chuo kikuu, alitaka kuiunganisha Lusungu na kampuni kubwa ya Dar es Salaam. Yeye aliuita muungano. Wakulima waliuita kumezwa, na hawakukosea.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, serikali inauza kila kilichokuwa na bati juu yake. Kiwanda cha Suma kilipouzwa, wakulima walikatwa fedha za majani yao misimu mitatu mfululizo wakapewa hisa. Gawio walilisikia tu likitajwa. Sasa Ezron alikuwa amefikiana na wale wakubwa wa Dar es Salaam kwamba muungano ukipita, kiwanda cha Suma kinafungwa na majani yatasombwa kwa lori hadi kiwanda chao, mwendo wa siku nzima kwa barabara ile ya mvua. Jani lililochumwa asubuhi likifika huko jioni limeshaiva kwa joto, halifai hata kwa mbolea. Na yeye Ezron, kwa kazi hiyo nzuri, angepewa kiinua mgongo cha shilingi milioni mia moja na ishirini.

Wala hakuficha. Hilo ndilo lililowachoma watu. Alisimama Nkunga, kijiji cha jirani, na miwani yake akawaambia kwamba ndivyo wakubwa wanavyolipwa dunia nzima, kwamba hayo ndiyo mambo ya soko huria, na mwenye wivu aende akasome. Mtu aliyevaa viatu vya ngozi halafu akawaambia hivyo watu wanaochuma chai peku, mimi naona ana bahati kwamba alitoka Nkunga na meno yake yote.

Kwa Tupokigwe jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulibeba. Mumewe Lazaro alikufa akamwachia watoto watatu, shamba la chai, na hisa. Ukoo ulitaka aingie kwa shemeji yake, Anyelwisye, mtu wa pombe na makofi, ambaye mke wake wa kwanza alikimbilia Kyela akiwa na jicho moja zima. Tupokigwe alikataa. Baba mkwe wake, mzee Ambilikile, ndiye aliyemkinga. Alimtumia neno kupitia kwa mjukuu: maadamu chai inawalisha wale watoto, mama yao abaki na shamba lake na mtu asimsumbue. Maadamu chai inawalisha. Kiwanda kikifungwa, neno la mzee linakufa pamoja nacho, na Anyelwisye alikuwa anasubiri tu.

Neno lilipitia kwa mjukuu kwa sababu Tupokigwe na mzee Ambilikile hawakuwahi kusemezana. Ndiyo heshima ya kwetu. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye nyumba moja, hatamki jina lake. Wasichana wa mjini Tukuyu walikuwa wameanza kuicheka desturi hiyo, lakini Suma na Nkunga ilikuwa imara. Mzee akija njiani Tupokigwe alijitupa kwenye migomba, akampa mgongo, akajifunika. Naye mzee, kwa uungwana wake, alikuwa anakohoa toka mbali ili mkamwana apate muda wa kukwepa. Miaka kumi na moja alikuwa kwenye ukoo ule, na alichokijua cha baba mkwe wake ni kikohozi na miguu, miguu mipana yenye kandambili za tairi.

Alhamisi Anyelwisye alikuja shambani na panga. Hakusalimu. Alianza kukata michai, mmoja baada ya mwingine, akiishusha chini kabisa mpaka mashina yakabaki meupe. Tupokigwe alipomkimbilia alimpiga bapa la panga mgongoni, akaanguka kifudifudi, akampiga tena. Alimweleza, huku akihema, kwamba Ezron ameahidi kumpa lori la kusomba majani, kwamba yeye sasa atakuwa dereva wa kampuni ya Dar es Salaam, na kwamba mwanamke mwenye hisa ni mwanamke tu. Tupokigwe alimshika mkono ule wenye panga akaung'ata, akaung'ang'ania mpaka akasikia chumvi ya damu mdomoni. Anyelwisye alipiga kelele akaachia panga. Aliondoka ameushika mkono kwapani.

"Jumamosi nikikuona Bulyaga nitakuzika," alisema akiwa ukingoni mwa shamba. "Na baba anajua."

Hilo la mwisho lilimuuma Tupokigwe kuliko bapa la panga. Alikaa kwenye mashina yaliyokatwa akawaza kama ni kweli.

Mkutano uliitishwa Bulyaga, kwenye ghala la zamani la kahawa, jengo la mawe lenye mlango mmoja mpana na madirisha ya juu. Sheria ya Lusungu, waliyoing'ang'ania wakulima wenyewe tangu mwanzo, ilikuwa mwanahisa mmoja mkono mmoja, na anayehesabiwa ni aliye ndani. Wanaume wengi wa Suma na Nkunga walikuwa wamekufa au wamepotelea machimboni Chunya, kwa hiyo hisa nyingi zilikuwa za wanawake, na wanawake wote walikuwa wanakataa. Walikuja wakiwa wamelowa, mvua ile ya Tukuyu isiyojua kuacha ikiwashukia, wakiongozwa na mwalimu Aika. Huyu Aika alikuwa mtu wa Moshi, mwalimu wa sekondari, mwenye hisa chache alizonunua kwa mshahara wake na mdomo usiojua kunyamaza. Yeye ndiye aliyezunguka vijijini Ijumaa nzima baada ya Meshaki kulazwa, akihimiza kila mwenye hisa afike.

Walifika uwanjani kwa pamoja. Kisha wakasimama.

Mlangoni palikuwa na viti. Vilipangwa pande zote mbili, kuanzia nje chini ya bati mpaka ndani, vikiacha kijia cha mtu mmoja, na juu yake walikaa wazee. Wazee wa Suma, wazee wa Nkunga, kila mmoja na koti jipya. Kwenye kila kiti alikaa baba mkwe wa mtu. Ili mwanamke aingie ilimpasa apenye katikati yao, goti kwa goti, uso kwa uso. Walinzi wenye marungu walisimama nyuma, hawana haja hata ya kuyanyanyua.

Mtu wa Dar es Salaam asingeliwaza hilo maisha yake yote. Ezron aliliwaza, kwa sababu mama yake mzazi alijificha kwenye migomba kama wao.

Aika hakuelewa kitu. Aliwasukuma, aliwauliza wanasubiri nini, aliwaambia kura inaanza, akamshika mmoja mkono na yule mama akauchomoa kama ameguswa na moto. Wengine walikuwa wameshageuka, wamejifunika, wanatazama ukuta wa duka la jirani. Mmoja alianza kulia. Ndani kipaza sauti kiliwaka, na sauti ya Ezron ikasikika ikiwashukuru wanahisa waliopata nafasi ya kuhudhuria.

Kisha kikohozi. Tupokigwe alikisikia na mwili wake ukageuka wenyewe kabla hajaamua. Chini ya ukingo wa khanga aliona kandambili za tairi kwenye kiti cha kwanza kabisa. Kwa hiyo ilikuwa kweli, mzee alijua. Alikuwa amekubali kufanywa komeo, na sasa anakohoa kwa upole uleule ili mkamwana wake apate muda wa kuondoka.

Hasira ilimpanda. Alihisi mgongo wake unavyowaka palipopita panga, akaona mashina meupe, akamwona binti yake mkubwa akiosha miguu ya Anyelwisye. Alivua khanga kichwani akaifunga kiunoni. Kichwa kitupu, macho mbele, akatembea.

Alipita. Gauni lake lililolowa lilisugua goti la mzee, na kwa kuwa mzee hakuvuta miguu, aliiruka. Hakumtazama usoni, hilo hakuliweza, lakini alisikia jinsi pumzi ya mzee ilivyokatika. Mzee mmoja alijifunika koti usoni akakimbia, mwingine akamfuata, kiti kikaanguka. Halafu nyuma yake Tupokigwe akasikia wanawake wanakuja, wanalia na wanakuja, mmoja anatapika na anakuja.

Hapo ndipo marungu yalinyanyuliwa. Walinzi waliwapokea mlangoni kwa vipigo vya kichwa na mabega. Mama mmoja wa Nkunga alivunjwa mkono, ukasikika. Aika alipigwa kofi likamwangusha juu ya viti, akaamka na damu puani akiwa ameshika mguu wa kiti, akampiga nao mlinzi magotini. Anyelwisye alitokea kwenye msongamano, mkono umefungwa kitambaa, akamdaka Tupokigwe nywele na kumgongesha kwenye jiwe la ukuta. Alimgongesha tena. Tupokigwe aliona weupe, lakini wanawake walikuwa wengi na mlango ulikuwa mmoja, na wale wa nyuma waliwasukuma wa mbele mpaka Anyelwisye akamezwa. Ghala likajaa.

Kura ilipigwa damu ikiwatiririka watu machoni. Mwanasheria wa kampuni alihesabu mikono mara mbili, sauti ikimkauka, akatangaza kwamba muungano umekataliwa. Vigelegele vilipasua bati.

Ezron hakushtuka. Alingoja vigelegele vipungue, akavuta kipaza sauti karibu.

"Sawa, mmekataa," alisema. "Bodi itanifukuza kazi Jumatatu. Mkataba wangu unasema nikifukuzwa kwa sababu ya kura hii, kiinua mgongo ni kilekile, na Lusungu ndiyo italipa. Mkiuza kiwanda kunilipa, hiyo ni shauri yenu."

Sijui alitegemea nini. Labda alidhani mtu akishasoma, maneno yake yanamkinga na mvua na mawe. Polepole kila mtu akaelewa: muungano ukipita analipwa, usipopita analipwa, na kwa vyovyote vile kiwanda kinakwisha. Kisha kigoda kikaruka hewani kikampata mwanasheria, ambaye kwa kweli hakuwa na kosa.

Baada ya hapo hapakuwa na mkutano tena. Viti viligeuka magongo. Yule mlinzi aliyemvunja Meshaki taya alitambuliwa na mtu, akakokotwa katikati ya ghala, na waliompiga hawakupiga taratibu kama yeye. Alipoacha kupiga kelele waliendelea. Ezron alipandishwa dirishani na walinzi wake, suruali ikachanika, miwani ikabaki chini, wakamtia kwenye gari likaondoka huku likirushiwa mawe, kioo cha nyuma hakuna. Alinusurika. Alilipwa yote, kiwanda kikauzwa vipande kumlipa, naye akajenga Dar es Salaam. Tumwache huko, nisije nikasema mengine.

Watu walipomkosa Ezron walitafuta mwingine. Hasira iliyokosa mwenyewe haikubali kurudi nyumbani. Wazee wenye makoti walikuwa wameshatoroka, Anyelwisye alikuwa ameruka ukuta wa nyuma na kupotea, lakini mzee Ambilikile alikuwa bado kwenye kiti chake mlangoni. Hakuwa ameondoka tangu aliporukwa. Alikaa tu, mikono mapajani, anatazama chini.

Mtu fulani alisema huyu ndiye waliyemhonga koti. Kijana mwingine alimvua lile koti kwa kulichana. Wengine walisita, maana mzee ni mzee, na Suma mtu hamnyooshei kidole mzee hadharani. Ndipo sauti moja ikatoka nyuma.

"Mnamwogopa nini? Hata mkamwana wake amemruka."

Tupokigwe alisikia. Alikuwa ameegemea ukuta akijaribu kusimama, sikio moja likivuma, na maneno hayo yakamwingia yote. Ni kweli alimruka. Yeye ndiye aliyewaonyesha kwamba anarukika. Alipofungua mdomo kukataza, mguu wa kiti ulikuwa umeshashuka, na mzee akaanguka bila sauti, na jiwe likafuata, na jingine.

Aliwapita kwa viwiko. Alimng'ata mmoja, alimkwaruza mwingine, alijitupa juu ya baba mkwe wake mwili mzima, kifua juu ya kifua, akamfunika kichwa kwa mikono yake. Pigo lililokuwa njiani lilimvunja mfupa wa bega. Alipiga yowe. Pigo lingine halikuja.

Walikuwa wameacha. Hawakuacha kwa huruma, nisiwasingizie wema. Waliacha kwa sababu walichokiona hakijawahi kuonekana, mkamwana amelala juu ya baba mkwe wake mchana, mbele ya watu. Mmoja wao aligeuza uso. Gongo lilianguka. Waliondoka mmoja mmoja kwenye mvua, wengine wakikimbia, na wanawake wakabaki wamesimama mbali wakiwa wameshika vinywa.

Mzee alikuwa hai. Damu ilimtoka sikioni na kichwa kilikuwa kimebonyea upande mmoja mahali ambapo kichwa hakibonyei. Mkono wake ulikuwa unapapasa chini, unapapasa, na Tupokigwe alidhani anataka kushikwa. Kisha akaelewa. Alikuwa anatafuta koti. Alikuwa anakufa na bado anatafuta kitu cha kujifunika uso, ili mkamwana wake asivunjiwe heshima.

Alivua khanga kiunoni ampe. Halafu hakumpa. Aliushika ule mkono kwa mkono wake mzima akauweka kifuani pake.

"Acha, tata," alisema, akimwita baba. "Nitazame."

Ilichukua muda. Makope yalinyanyuka, la kushoto likachelewa, likabaki limelala nusu, na chini yake Tupokigwe akayaona macho ya Lazaro. Yaleyale. Kope lilelile zembe alilokuwa akilicheka kitandani, ile kahawia yenye duara jeusi pembeni, macho aliyoyaona yakifumba hospitali miaka mitatu iliyopita akajua hatayaona tena duniani. Yalikuwa ng'ambo ya migomba siku zote. Hakuna aliyewahi kumwambia, na angemwuliza nani?

"Nilikaa pale kwa ajili ya mwanangu," mzee alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizito cha kale, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alimsemesha. "Hana mwingine wa kumsaidia."

"Najua, tata. Na mimi nilipita kwa ajili ya wangu."

Mzee alifikiri juu ya hilo. "Ndaga," alisema, neno la kushukuru, na haikujulikana anashukuru nini. Aliendelea kumtazama mpaka macho yakabaki yanatazama tu.

Wanaume walikuja na ubao wa kumbebea. Wanawake wa Suma walimwinamia Tupokigwe, wakamwambia kwa upole kwamba bega lake linatoka damu, kwamba inatosha, kwamba sasa amfunike mzee uso. Mmoja aliichukua ile khanga akainyoosha tayari. Tupokigwe aliuzuia mkono wake. Aliwaomba wasubiri kidogo, kwa kuwa alikuwa bado hajamaliza kumtazama.